Siku Mama Mkwe Alipoikimbilia Bahari

Usingizi unanichukua mchana kweupe, nimejilaza kwenye kiti kirefu chini ya mwavuli wa makuti, mbele ya hoteli tuliyoiwaza mwaka mzima. Kwa mbali bado namsikia mume wangu, Ambakisye, akibishana na dada wa mapokezi: tuliahidiwa chumba kinachotazama bahari, tumepewa kinachotazama jenereta. Kesho asubuhi tunaondoka, anasema, mabegi nayapakia sasa hivi. Mwanetu Lugano hana habari. Tangu tufike hatoki kwenye bwawa, na jioni anakula kamba wa kukaanga mpaka vidole vinang'aa mafuta. Mimi nina furaha ya kitoto, ila nimeificha. Maana mama mkwe, ambaye tumemtoa Tukuyu kwa ajili ya safari hii, anashinda chumbani kageukia ukuta. Chakula hakina ladha, upepo una chumvi, anasema, na zaidi ya hapo hanisemeshi, kama ilivyo tangu niolewe. Nafumba macho, na mlango wa kioo wa mapokezi unafunguka wenyewe, nami naingia.

Nipo kwenye korido. Chini ni mchanga laini badala ya zulia, milango iko pande zote mbili, na kadiri ninavyokwenda ndivyo korido inavyorefuka, inapinda, inakuwa barabara, na barabara inanifikisha kwenye mji mzima wa hoteli. Hoteli zinatazamana, kuta zake vioo vitupu, na kwenye kila kioo tupo sisi: hapa Ambakisye anacheka mpaka anashika mbavu, pale Lugano yuko mabegani kwa baba yake, kule mimi nimevaa gauni la manjano ambalo sijawahi kuwa nalo. Nakimbia kutoka kioo hadi kioo, moyo unadunda, nataka kuona vyote, na kila nikimaliza kimoja vinachipuka vingine. Kisha nagundua mama mkwe hayumo. Navirudia vyote, hayumo. Mhudumu anakuja na sinia, sare nyeupe imepigwa pasi, na mahali pa uso pametandaa laini kama sahani. Wala siogopi. Samahani kaka, namwambia, namtafuta mama mkwe wangu. Anajibu kwa upole, Amelala chumbani, lakini chumbani hayumo. Sasa nimfuate wapi, nauliza. Ananisogezea sinia, juu yake kuna maji tu, yanapanda na kushuka kama yanapumua. Mfuate mbele, anasema, kwa kurudi nyuma.

Basi nageuka, na huko nilikotoka hakuna tena mji, kuna mashamba ya chai ya kwetu Tukuyu, kijani kitupu, yanateremka na kuteremka mpaka yanaingia baharini. Katikati ya chai kuna msichana anakimbia kuelekea majini, kitenge kimepandishwa magotini. Namjua kwa mwendo, bega la kushoto limetangulia. Mama, naita. Anasimama, na anapogeuka ana uso wake wa leo, na mikunjo yake yote. Sekela, anasema. Hajawahi kuniita jina langu, siku zote mimi ni mama Lugano. Sekela, baba yake Ambakisye aliniahidi bahari kabla hajanioa. Kila mwaka alisema mwakani. Amekufa akisema mwakani. Ndiyo maana umeikasirikia, namwambia. Anatikisa kichwa. Naogopa nitaipenda, anasema. Nilipoiona tu kwenye dirisha la gari, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, nikajiuliza, mwenzangu yuko udongoni, mimi nafurahi na nani? Nikaona bora nigeukie ukuta. Namwambia ukweli, kwamba na mimi nafurahi kwa kujificha, nisionekane nawacheka wanaonuna. Ananitazama, kisha anaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia nyumbani kwake. Kumbe tuko wawili, anasema, na ananishika mkono. Tunakimbia, chai inatupiga miguuni, chai inakuwa mawimbi, maji yana uvuguvugu, yanatunyanyua na kutushusha, na yeye anapiga kelele za raha bila kumjali mtu. Hatuondoki kesho, anasema maji yakimfika kifuani, tunabaki mpaka Jumapili. Nitamwambia mwanangu mwenyewe. Wimbi kubwa linakuja, linatufunika.

Nafungua macho. Mume wangu amesimama juu yangu, ameshika begi. Mama Lugano, anasema, mbona hamniambii mambo? Nimeshapakia, Mama anatoka nje, anasema nishushe kila kitu, mmekubaliana tubaki mpaka Jumapili. Mmekubaliana saa ngapi, na wewe unakoroma hapa? Nageuza shingo. Mama mkwe yuko baharini, maji yanamfika magotini, amemshika Lugano mkono, na kila wimbi likija wanaruka pamoja. Ananiona nimeamka. Sekela, anaita, unasubiri nini huko. Ambakisye ananitazama, ameshangaa, maana na yeye amelisikia hilo jina. Najaribu kukumbuka mahali ndoto ilipoishia nami nikaamka, sipaoni. Navua viatu. Mchanga unaunguza nyayo, au naota kwamba unaunguza, na mimi nakimbia.