Tawi la Etelvina

Gari la kwanza lilipita juu ya majani saa tatu asubuhi, Etelvina akiwa bado na mundu begani. Likaja la pili. Yakaja mabasi mawili kutoka mjini. Majani yalikuwa yamemfika kiunoni, yamekomaa, yakingoja kufyekwa siku hiyohiyo. Kufikia saa nne yalikuwa yamelala chini kama mkeka wa msiba.

Kwenye mwanya wa ukuta wa mawe alisimama mwanamke mgeni, kizibao cha njano kifuani.

"Tamasha liko kule chini, mama. Ukanda wa mkononi wa kuingilia unao?"

"Ukanda wa nini? Hapa ni malisho yangu. Tawi langu liko wapi?"

"Tawi gani?"

Mwezi wa tano Etelvina alichomeka mti mrefu katikati ya malisho, akaufungia tawi bichi kileleni. Katika bonde la Valdecuriel kila mtu anajua maana yake: majani haya yana mwenyewe, usikanyage. Mama yake alichomeka, bibi yake alichomeka. Wenye ardhi walihamia ng'ambo zamani, wakaaga kwa kusema, "Kateni ninyi." Miaka arobaini hakuna aliyeulizia karatasi.

Alimkuta Laureano, diwani, karibu na jukwaa, akielekeza spika zigeuzwe wapi.

"Shangazi Vina! Nyota wetu! Tari umeliacha nyumbani?"

"Laureano, mmeegesha magari juu ya chakula cha ng'ombe wangu."

"Halmashauri ndiyo imeegesha, shangazi, si mimi. Tulitafuta jina la mwenye malisho kwenye daftari. Hukuwemo."

"Kulikuwa na tawi."

"Tawi si hati."

"Wewe mwenyewe baba yako alikutandika mkanda kwa kuruka ukuta penye tawi. Ulilia hadi ukajikojolea. Nilikufulia kaptula mimi."

Mafundi wa spika wakacheka. Laureano hakucheka.

"Enzi hizo zimepita. Siku hizi kuna fomu."

"Nina ng'ombe sita. Theluji ikianguka wale fomu?"

"Usiniaibishe leo, shangazi. Watu elfu tatu wamekuja kusikiliza nyimbo zetu. Kijiji kilikuwa kinakufa hiki! Njoo ofisini Jumatatu tuzungumze."

Etelvina alikuwa ameliona tawi lake. Katikati ya jukwaa, mti ule ule, tawi lile lile, limezungushiwa utepe wa kijani na kengele ndogo.

"Linafanya nini pale?"

"Pambo. Mtu wa jukwaa amelipenda. Anasema ni mti wa baraka wa Waselti, watu wa kale wa huku."

Bibi yake Etelvina aliziimba nyimbo zile maisha yake yote wala hakuwahi kusikia habari za Waselti. Yeye aliziita nyimbo za kufyekea tu.

Saa kumi jioni walimwita kwa jina jukwaani. Picha yake ilikuwa kwenye kila bango la bonde, tari mkononi, mdomo wazi. Akapanda. Akasogelea maikrofoni bila kuliinua tari.

"Hili tawi ni langu," alisema. "Magari yenu yako juu ya majani yangu. Nendeni mkayaondoe."

Mtu mmoja akapiga mluzi wa furaha, wengine wakafuata, makofi yakavuma uwanja mzima. Walidhani ndivyo wimbo unavyoanza. Etelvina akafumbua mdomo tena, lakini Laureano alishamnyooshea kidole fundi wa spika. Maikrofoni ikazimwa. Nyuma yake mazumari ya mfuko yakalipuka.

Kisha mvua ya mlimani ikashuka kwa ghafla, na watu wakakimbilia magari.

Malisho yalikuwa tope. Magurudumu yalizunguka palepale, yakirusha majani na udongo mweusi. Wanaume waliovaa sketi za miraba za Kiselti waliyang'oa majani yaliyosalia, mashada kwa mashada, wakayasokomeza chini ya magurudumu. Ng'ombe sita walitoa vichwa juu ya ukuta, wakitazama.

Laureano alikuja mbio, viatu mkononi.

"Shangazi! Trekta lako linawaka? Tusaidie, tafadhali. Hawa ni wageni wetu."

Etelvina alikuwa akimtazama mwanamume mmoja aliyetoka jukwaani na mti wake begani, utepe ukiburuzika. Mwanamume huyo alipiga magoti kwenye tope, akalisukuma tawi chini ya gurudumu la nyuma, akamwambia dereva, "Kanyaga!"

Kengele zililia mara moja tu.