Kifuniko cha Sufuria ya Mama Mkwe

Hapana, mjukuu wangu, kile kifuniko hakukiiba. Mtu anaibaje kitu cha nyumbani kwake mwenyewe? Ila nakubali, alikitoa jikoni kama mwizi, amekificha ndani ya shati, mkewe akiwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Hapo ndipo aibu ilipoanzia. Na aibu ni kama masizi. Unaigusa kwa kidole kimoja asubuhi, jioni unaikuta mpaka sikioni.

Ngoja nikuanzie vizuri. Watu walimwita Taratibu, maana alikuwa anaendesha teksi kama mtu aliyebeba mayai. Teksi si yake, ya tajiri mmoja mwenye magari mengi na maneno machache. Ilikuwa ya dizeli, kuukuu, na kwa siku nyingi ilikuwa inakohoa kama mzee mvuta tumbaku. Kwenye kilima inatambaa, nyuma inaacha wingu jeusi. Sasa siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kupata stika ya ukaguzi. Na siku hiyo hiyo, maana shida zinatembea kwa kushikana mikono, mama mkwe wake alikuwa anakuja na basi la alasiri. Hajawahi kufika pale tangu wahamie kwenye vile vyumba vyao viwili.

Basi asubuhi Taratibu yuko gereji, fundi ameinama kwenye injini mpaka unaona miguu tu. Huyo fundi wakimwita Grisi, kwa sababu unazojua.

"Njoo uone ugonjwa," Grisi akamwambia. "Hii valvu kazi yake inachukua moshi kidogo wa ekzosi, inaurudisha ndani uchomwe tena. Imejaa masizi, imekwama wazi. Gari linakula moshi wake lenyewe. Wewe ukila moshi utapanda kilima?"

"Nalala njaa mara nyingi na kilima napanda," Taratibu akasema. "Dawa yake nini?"

"Tuifungue na mabomba yake, tuiloweke, tuisugue mpaka ing'ae. Kutwa nzima hiyo. Na ikinifia mkononi utanunua nyingine, na bei yake siku hizi imepanda juu ya mti, imegoma kushuka."

Taratibu akampigia tajiri simu.

"Mimi nataka gari barabarani," tajiri akasema. "Habari za valvu mpelekee fundi."

"Ndiyo niko naye, bosi. Anasema isafishwe."

"Kwani imeoga lini mara ya mwisho? Sikiliza. Stika isipokuwepo leo, funguo uniletee. Madereva wako wengi." Simu ikakatwa.

Grisi alikuwa amesikia yote. Akajikuna kichwa kwa spana. "Basi tuizibe. Tunaweka kipande cha bati la chuma hapa katikati, moshi haurudi tena ndani, gari linakuwa jepesi. Si dawa, ni plasta. Lakini utafika ukaguzi. Katafute bati, mimi langu limeisha."

Duka la vyuma wakamwambia hawakati, wanauza bati zima. Akarudi nyumbani kuchukua kuku aliyemnunua kwa ajili ya mama mkwe, amfunge miguu ampeleke kuchinjwa. Akaingia jikoni. Na kile kifuniko kikamkonyeza.

Ilikuwa sufuria aliyopewa mkewe na mama yake siku ya kuolewa. Nzito, na kifuniko kizito, mkewe anakisugua kwa majivu mpaka unajiona meno. Taratibu akawaza: sufuria si inakaa motoni kila siku? Basi na hiki kitavumilia. Akakitia ndani ya shati.

"Hii alumini, kaka," Grisi akasema. "Haipatani na moto wa ekzosi."

"Mbona kwenye jiko inapatana?"

Grisi akacheka, kisha akakata. Ulitaka afanye nini? Na yeye ana foleni ya wateja. Akakata kipande cha katikati, akatoboa matundu ya bolti, akakaza. Kifuniko kilichobaki, kina dirisha katikati, Taratibu akakitupa kwenye buti pamoja na kuku. Gari likawashwa. Lahaula! Likanguruma safi, jepesi, moshi huuoni. Taratibu alipotoka pale alikuwa anapiga mluzi, yaani amesahau kuku, amesahau wa kumchinja, anawahi ukaguzi.

Kule ukaguzi mkaguzi amekaa kwenye kiti chini ya mwamvuli, hainuki. Mbele ya Taratibu kulikuwa na lori la mchanga. Lilipowashwa, mchana ukawa jioni, watu wakavuta kola za mashati wakafunika pua. Mkaguzi akalipungia mkono, likapita.

Zamu ya Taratibu, mkaguzi akainuka kidogo. "Fungua boneti. Hiki kinachong'aa nini?"

"Tumeziba valvu kidogo, mheshimiwa. Ilikuwa inatoa moshi."

"Kuziba hairuhusiwi. Moshi lazima urudi ndani. Sheria."

"Lakini mheshimiwa, lile lori..."

"Lile lina mwenyewe. Wewe una nani?"

Kabla Taratibu hajajibu, kuku akalia ndani ya buti.

Mkaguzi akainamisha sikio. "Na huyu naye ana stika?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Taratibu naye akacheka, mjukuu wangu. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba alicheka. Akafungua buti, akambeba kuku wa mama mkwe wake kichwa chini mpaka mlango wa nyuma wa ofisi. Akakuta kuku wenzake wamefungwa pale, na mkungu wa ndizi, na dumu la mafuta ya kupikia. Aliporudi stika ilishabandikwa kwenye kioo.

Mama mkwe alishuka kwenye basi amejifunga kitambaa cheupe kichwani, kimepigwa pasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekonda. Na gari zuri hivi! Kumbe unaendesha gari lina nguvu?"

"Nimelitengeneza leo, mama," akasema, na kifua kikamjaa. Ndiyo binadamu tulivyo, tukisifiwa tunavimba.

Kifua kikamjaa mpaka katikati ya kilima. Pale injini ilipoanza kuvuta kwa nguvu kikasikika kitu, fssss, kama sufuria inafurika. Alumini imetoboka. Gari likapungua, likapungua, likawa linatambaa, na lile wingu likatoka jeusi kuliko jana.

"Mama, samahani," Taratibu akasema, hawezi kumtazama. "Naomba ushuke kidogo, lipate kupanda."

Mama mkwe akashuka. Akawa anatembea nyuma ya gari la mkwewe, na moshi wote unamwangukia yeye. Pembeni kuna mwanamke ameanika sare nyeupe za shule kwenye kamba.

"Wewe dereva! Unatupikia nini huko? Nguo nimefua tangu alfajiri!"

Taratibu akatoa kichwa aombe radhi, lakini kabla hajafungua mdomo akasikia sauti ya mama mkwe nyuma. "Tusamehe dada yangu. Gari letu limeugua njiani. Tusamehe sana."

Letu, alisema. Taratibu alitamani ardhi ipasuke aingie na gari lake. Kwenye kioo cha pembeni aliona kile kitambaa cheupe, sasa cha kijivu.

Walifika nyumbani jua linazama. Mkewe akampokea mama yake kwa vigelegele, kisha akamvuta mumewe pembeni. "Baba watoto, kuku yuko wapi? Na kifuniko cha sufuria umekiona?"

"Sijakiona," akasema. Akaona haya, lakini neno limeshatoka.

Mama mkwe alikuwa ameshaingia jikoni, kama mama wote. "Mwanangu, mbona sufuria niliyokupa umeifunika kwa sahani?"

Hapo Taratibu akatoka kimya kimya. Akarudi na kile kifuniko, dirisha katikati, akakiweka mbele ya wanawake wale wawili. Akasimulia yote, tajiri, Grisi, kuku, bila kuinua macho. Mkewe akashika kiuno, hasira na kicheko vinagombana usoni.

"Ulifikiri kitavumilia?" mama mkwe akauliza.

"Nilifikiri sufuria inakaa motoni kila siku."

"Inakaa kwa sababu ndani kuna maji, baba. Sufuria tupu inaungua." Akageuka akatazama gari kupitia mlangoni. "Na ile karatasi kwenye kioo inasemaje?"

"Inasema gari ni zima, mama."

"Na moshi wote ule?"

"Moshi hawakuuangalia."

"Waliangalia nini?"

"Kuku."

Mkewe kicheko kikamponyoka, akakikata haraka, maana mama yake hakucheka. Mama alitoa sahani juu ya sufuria, akaweka kile kifuniko. Mvuke wa wali ukatoka katikati, umenyooka.

Simu ikalia. Tajiri. "Stika ipo?"

"Ipo, bosi. Ila kesho gari halitoki mpaka valvu isafishwe."

"Una stika, unasafisha nini? Usipotoka kesho, funguo uniletee."

Taratibu aliwatazama watoto wake waliokuwa wanasubiri chakula, kisha kile kitambaa cha kijivu. "Funguo nitaleta nikimaliza kula," akasema. Mkewe akashusha pumzi ndefu.

Wakatandika mkeka. Wali na maharage, kitoweo unakijua kilikobaki. Taratibu akataka kukaa pembeni karibu na mlango, mama mkwe akamwita. Akachukua jagi, akawa anamnawisha yeye, mkwe. Maji yakatoka meusi. Akamwagia tena, yakatoka meusi. Hakuuliza, hakuharakisha, aliendelea tu kumwagia, na watoto wakasogea kumpisha, mpaka wote wakawa wamekaa. Ndipo wakala.