Tundu la Juu Kabisa

Mjinga wa siku ile alikuwa Futi mwenyewe, na leo hasiti kukiri.

Alikuwa seremala. Jina alipewa kwa kile kifaa cha kupimia kisichobanduka kiunoni mwake hata msibani. Katika chumba cha mbele alikuwa yeye na randa zake. Katika cha pili alikuwa mkewe, fundi cherehani, na mashine tatu ambazo mlio wake ndio uliomwambia Futi kwamba siku inakwenda vizuri. Lakini nyumba ilikuwa bondeni. Mafuriko yaliyopita yaliziotesha mashine kutu, na mke akasema hangoji ya pili: ama Futi amtengenezee pa kuzipandisha, ama anazihamishia kwa dada yake mlimani, na nyumba ibaki na mlio wa randa peke yake.

Futi akatengeneza jukwaa. Nguzo nne, jukwaa katikati, kamba ya kulivutia juu iliyopita kwenye kapi, kigurudumu kilichofungwa darini, na matundu kwenye nguzo ya kuchomeka vyuma vya kulishikilia. Kazi safi, usiseme. Ila tundu la juu kabisa alilitoboa sawasawa na mstari mwekundu. Mstari huo wataalamu walikuwa wameupiga kwenye kila ukuta wa mtaa, kuonyesha maji yatafika wapi endapo dunia itatimiza ahadi yake ya kutopata joto kupita kiwango kilichokubaliwa. Mke akauliza, na isipotimiza? Futi akacheka. Watu wazima wamevaa suti, wamekaa vikao, wametia sahihi, sasa yeye fundi wa viti ni nani awatilie shaka?

Jumamosi mtaa ukafanya zoezi la mafuriko, maji yakiwa ya kudhania tu. Muuguzi mstaafu alipita na filimbi nyumba kwa nyumba, nyuma yake majirani walioacha ya kwao waje kuchungulia ya wenzao. Kanuni ilikuwa mzee wa nyumba apandishwe pamoja na vitu. Mama mkwe wa Futi, aliyeishi nao, akapanda kwa madaha ya bibi harusi, akajikalia katikati ya mashine, mfuko wa karanga mapajani.

Filimbi ya kwanza, maji magotini. Mume na mke wakavuta, Futi akakaza kamba kwa mguu ukutani, mke akachomeka vyuma. Ya pili, kiunoni. Majirani wakamwomba mama awasalimie wa huko juu. Ya tatu, mstari mwekundu. Futi akapunga mkono kama mgombea.

Muuguzi akapuliza ya nne. Maji, akatangaza, yamepita mstari shubiri mbili.

Futi akakunja uso kama aliyebadilishiwa sheria mchezo ukiwa katikati. Hata hivyo wakavuta. Mke akachomoa vyuma avihamishe, akapapasa nguzo juu, akapapasa tena, kisha akamgeukia mumewe na vyuma vinne mkononi. Futi akaanza kujitetea, na kwa kujitetea akausahau ule mguu wa ukutani.

Mama mkwe na mashine tatu upande mmoja wa kamba, Futi mwembamba kama rula upande wa pili. Mama akashuka taratibu, akitafuna. Futi akapaa. Walipopishana njiani akamwamkia, maana adabu ni adabu, akaendelea na safari hadi kwenye boriti, akaikumbatia.

“Nimezama?” mama akauliza alipogusa sakafu. Muuguzi akaandika: mzee mmoja, mashine tatu, vimezama. Majirani walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko.

Mke peke yake hakucheka. Alishaanza kuifunika mashine ya kwanza kitambaa cha safari ya mlimani. Futi, kutoka kwenye boriti, akaapa kosa si lake, ni la waliopiga mstari. Na matundu mengine, mke wangu, yatakuwa tayari Ijumaa.

Mke akachukua keke ya kutobolea mbao, akaifunga kwenye mpini wa ufagio, akamnyooshea juu.

“Kabati la mama nalo uliliahidi Ijumaa, na hadi leo halijaonekana. Dunia inaahidi kama wewe, kwa hiyo toboa ukiwa hukohuko.”