Ubao wa Kupigia Magoti

Kwenye uwanja wa ndege wa Foggia, kusini mwa Italia, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mafundi wa Kimarekani waling'oa bunduki zote puani mwa ndege moja ya kivita, wakaweka kioo, darubini ya kulengea mabomu na mtu mmoja. Ndege nyingine za kikosi hazikuwa na darubini. Marubani wao walikodolea macho tu ile yenye darubini, iliyotangulia mbele. Mabomu yake yakidondoka, nao wanaachia yao. Walioubuni ujanja huo walipongezwa sana.

Mtu wa mle puani alikuwa Luteni Delbert Kovar, mkulima wa Nebraska aliyevishwa sare. Sajini Orville Haugen, fundi wa ndege hiyo, alimpenda kama mdogo wake. Kovar alipolalamika kwamba magoti yanaganda kwenye chuma, Haugen aliokota mbao za masanduku ya risasi, akamchongea ubao wa kupigia magoti na kuukaza sakafuni kwa skrubu.

"Sasa nina kanisa," Kovar alicheka. "Padri tu ndiye sina."

"Sali kimyakimya, Luteni. Mimi Mlutheri."

Siku hiyo walitumwa kuvunja daraja la reli kando ya mji mdogo. Wakakuta wingu zito. Kovar alisema redioni kwamba haoni kitu, warudi nyumbani. Hata hajamaliza, mabomu yake yakachomoka, na kikosi kizima kikaachia. Wingu lilipopasuka waliona soko la mji linawaka moto. Daraja lilikuwa limesimama palepale.

Ndege ilipotua, Kovar hakutoka. Haugen alifungua kifuniko cha puani, akamkuta bado amepiga magoti, anakitazama kidole gumba chake.

"Nilibonyeza kitufe, mzee."

"Rubani kaniambia ulisema mrudi."

"Nilisema. Lakini mkono uliganda, sijui ulifanya nini. Nani mwingine, kama si mimi?"

Kovar alipokwenda kunywa kahawa, watu walimpisha kwenye foleni bila neno. Afadhali wangemtukana.

Huku nyuma Haugen aliufungua ubao kukagua sakafu. Waya mmoja chini yake ulikuwa umechunika mpaka shaba ikaonekana. Mikono yake ikafanya ilichozoea: ikauzungushia utepe, ikakaza, ikasawazisha. Ndipo akajiuliza waya ule ni wa nini. Ulikuwa wa kuachia mabomu. Na kilichouchuna ni skrubu yake mwenyewe, ndefu kupita kiasi. Ndege ilipotikisika winguni, shaba ikagusa chuma na mabomu yakajiachia yenyewe. Haugen alikaa chini mle puani akalia.

Alianza kwa kumweleza Kapteni, rubani wa ndege hiyo.

"Waya umeshatengenezwa?" Kapteni aliuliza.

"Ndiyo, afande, lakini Luteni—"

"Basi yamekwisha. Kesho tunarudi kwenye daraja lile."

Akaenda hemani kwa Kovar. "Si wewe, Luteni. Ni skrubu yangu, ilichuna waya."

Kovar aliinuka haraka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa na uhai. "Nionyeshe."

Walivuka matope mpaka kwenye ndege. Kovar akainama, akapitisha kidole juu ya utepe mpya, uliofungwa vizuri, hauna kasoro; palipochunika hapakuonekana tena. Uso ukamshuka.

"Mzee, wewe una huruma mno. Juzi ubao, leo hadithi hii."

"Naapa kwa kaburi la mama yangu!"

"Najua. Ungeapa hata kwa Mungu, ili mimi nipate usingizi."

Haugen alieleza tena, akaeleza mpaka sauti ikamkauka. Kila alivyozidi kueleza, Kovar alizidi kumpigapiga bega, kana kwamba anayehitaji kufarijiwa ni Haugen.

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Haugen alikuja na ubao, na safari hii skrubu fupi. Kovar akausukuma kando taratibu.

"Leo hapana, mzee. Acha magoti yagande."

Akapiga magoti juu ya chuma kitupu. Haugen akafunga kifuniko, akabaki amesimama mvuani na ubao mkononi.