Mkwe Aliyeng'oa Ua la Buluu

Mwizi wa maua yangu nilimjua tangu siku ya kwanza, na sikuweza kumkamata kwa sababu alikuwa mkwe wangu.

Kwetu Sirisia, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso. Akiingia yeye uani, mimi najifungia chumbani mpaka aende zake. Ndiyo heshima. Basi Wangila, aliyemwoa Nelima wangu akampeleka Kitale, alikuwa akiniletea debe la mahindi mara kwa mara. Analitua mlangoni, anausalimia ukuta, "Mulembe, Mama!" nami huko ndani naitikia, "Mulembe, mwanangu." Halafu badala ya kuondoka, anachomoa panga na kuinamia maua yangu!

Mara ya kwanza lilikuwa ua jekundu la kana. Nikachungulia kwa pazia, nikakohoa. Yeye akainamisha kichwa kwa adabu kuelekea dirishani, akaendelea kuchimba. Mara ya pili alibeba deizi za njano. Nikakohoa mpaka kifua kikauma. "Pole kwa homa, Mama," akasema. Aii! Ningepiga kelele? Nimwite mkwe mwizi, kijiji kizima kinicheke?

Lakini katikati ya mwaka wa 2006 aling'oa ua la buluu. Hilo lilikuwa moja tu Sirisia nzima. Niliambiwa litachanua buluu, nikalitunza miaka bila kuona chochote ila majani, watu wakinicheka ati napalilia vitunguu, na mwaka huo ndio kwanza lilikuwa limetoa kikonyo chenye tumba. Alilichukua lote na mizizi yake. Nililia kwa hasira. Siku za mwizi ni arobaini, na kwa hesabu yangu zake zilikuwa zimekwisha. Jumamosi nikafunga jembe ndani ya leso, nikaenda Kitale bila kumwambia mtu.

Nilimkuta Wangila uani ananyoa ndevu. Kuniona getini tu, akatupa kioo, akakimbilia chooni na povu lake, akajifungia. Vizuri! Leo ilikuwa zamu yake.

Mahindi yalikuwa yamefika mpaka dirishani, kama kila mahali Kitale. Watu wa huko hawaachi nafasi hata ya kuanika nguo. Ila mbele ya mlango wa jikoni palikuwa na bustani ndogo, imezungushiwa fito kuku wasiingie. Nikanyanyua jembe, kisha nikalishusha. Kana nyuma, deizi mbele, ua la buluu pembeni. Hata jiwe ninalokalia nikipalilia, alikuwa ametafuta linalofanana nalo. Ilikuwa bustani yangu kabisa, kitu kwa kitu.

Simu yangu ikalia. Ni yeye aliyeninunulia simu hiyo.

"Mama," akanong'ona, nami nikamsikia mara mbili, kwenye simu na kule chooni. Wazee wetu hawakuacha neno lolote kuhusu simu, kwa hivyo nikajibu.

"Mwizi mkubwa wewe! Si ungeomba?"

"Ungenipatia ile ya buluu?"

"Nikupatie? Thubutu!"

"Sasa unaona. Mama, Nelima alikuwa amefunga nguo zake arudi kwako. Alisema hapa ni mahindi, mahindi tu, mpaka macho inachoka. Nikaona, kama ni nyumbani anataka, wacha nimletee nyumbani pole pole. Siku hizi akiamka anasimama hapo na chai yake. Ile sanduku alifungua, Mama. Nguo zimerudi kwa kabati."

Nilikaa juu ya lile jiwe. Binti yangu alitaka kuacha ndoa yake na hakuniambia. Huyu asiyeruhusiwa hata kunitazama ndiye aliyekuwa akihangaika. Ghafla nikampenda yule kijana, na bado nilitaka kumkata masikio.

Kwa hiyo nikachimba. Nililitoa ua la buluu na kulipasua katikati kwa jembe, kila upande na mizizi yake. Nusu moja nikaifunga kwa leso. Ile nyingine, yenye tumba, nilisimama nayo mkononi, roho ikiniuma. Miaka yote ile! Mwishowe nikaipanda palepale mbele ya mlango wa Nelima, nikaushindilia udongo kwa nyayo zangu.

"Mama," simu ikauliza, "umemaliza? Nitoke?"

"Bado. Mizizi haipendi haraka."

Nelima akafika kutoka kusaga mahindi, ndoo ya unga kichwani. Alipiga vigelegele, tukakumbatiana, akaniambia nimenenepa. Kisha akaona kioo na wembe chini.

"Kwani Wangila ameenda wapi?"

"Sijamwona," nikasema. Ningemwona vipi, na adabu zangu zote? "Weka chai, mwanangu. Na ukande chapati. Kanda nyingi, leo sina haraka."