Spana Namba Kumi

Jumatatu gari yetu, Probox, ilizima mara ya tano, kilomita thelathini nje ya Lodwar, pale pale inapopenda kuzima. Lokiru, kaka yangu, aliupiga usukani kwa kiganja mara moja tu. Matusi alikuwa ameyamaliza wiki iliyotangulia.

"Usiniangalie," akaniambia.

"Sikuangalii."

"Nakwawi, unaniangalia."

Kweli nilikuwa namwangalia. Nyuma tulikuwa na kreti kumi na nane za nyanya, na kazi yangu ni hizo nyanya. Nazipokea asubuhi kutoka kwa lori la Kitale, nazipanga, natoa zilizopasuka, halafu nazifikisha Kakuma kwa duka la Mama Faduma zikiwa bado na sura. Gari ni ya Mama Faduma. Kazi ya Lokiru ni kuiendesha.

Akashuka, akafungua boneti, akachukua spana namba kumi, akatoa waya wa betri. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na dereva wa kwanza aliyempa usukani: gari ikizima njiani, toa waya, iache ipumue. Madereva wa barabara yetu wote wanafanya hivyo. Baada ya nusu saa anarudisha waya, anapiga stati, inawaka kama haikuwa na neno. Tulifika Kakuma saa tisa, nyanya za chini zikiwa supu.

Mama Faduma alichovya kidole ndani ya kreti, akakiangalia, akakipangusa kwa gunia.

"Lokiru, mke wako anakaa wapi?"

"Lodwar, Mama. Kanamkemer."

"Si ana nyumba? Mbona unalala kwa barabara?"

"Silali, Mama. Gari inazima."

"Inazima. Fundi anasema nini?"

 Fundi alikuwa amesema gari ni nzima, mara mbili.

"Sikiza," Mama Faduma akasema. "Nyanya zikifika hivi tena, huo ufunguo utauacha hapa juu ya meza. Mowlid, mtoto wa dada yangu, ananiomba kila siku. Nimemwambia ngoja. Sasa nimechoka kumwambia ngoja."

Lokiru ana watoto watatu. Huo ufunguo ndio sufuria yao. 

Jumanne jioni tukapeleka gari kwa Losike, fundi wetu wa Lodwar. Yeye huachiwa gari jioni, anaifanyia kazi alfajiri kabla jua halijapanda, kwa sababu mchana chuma cha Lodwar hakishikiki. Alikuwa ameshabadilisha plagi. Alikuwa ameshabadilisha pampu ya mafuta. Jumatano asubuhi tulimkuta ameegemea mlango, injini inanguruma vizuri.

"Nimeizungusha mji mzima," akasema. "Haina kitu. Labda dereva ndiye ana kitu."

Watu wa gereji wakacheka. Lokiru akacheka pia, lakini meno tu.

Safari hiyo Losike alimwita Nestor, Mkongo mwenye mashine ya kupima magari. Nestor akachomeka waya wake chini ya usukani, akasoma, akatikisa kichwa.

"Bure. Hakuna hata kosa moja. Na gari iko na akili, mama. Ikiumwa inaandika ndani. Ningeona."

"Na ikisahau?" nikauliza.

"Isahau aje? Labda mtu atoe waya ya betri. Hapo inafuta yote, hata saa ya redio inarudi mwanzo."

Nikaangalia saa ya redio. Ilikuwa inaonyesha saa tano na dakika kumi, na sisi tulikuwa saa moja na nusu asubuhi. Hiyo saa haijawahi kuwa sawa. Kila Lokiru akirudisha waya, inaanza tena saa saba kamili. Nilikuwa nimeiona mara zote tano, nikafikiri ni redio tu imeharibika.

Nilimvuta Lokiru kando. "Ni wewe unafuta."

"Nafuta nini?"

"Ugonjwa. Gari inauandika, wewe unatoa waya, unaufuta. Nestor anakuja kusoma, anakuta karatasi tupu."

"Nakwawi, wewe umeishia darasa la nane. Mimi nimeendesha miaka tisa. Bila kutoa waya haiwaki!"

"Umewahi kuiacha bila kutoa?"

"Niache nyanya zioze nikifanya majaribio?" Akaenda zake.

Sikubishana. Alhamisi, tulipokuwa tunapakia, nilitoa spana namba kumi kwenye boksi la vyombo, nikaifunga kwa leso, nikaizika chini ya kreti ya mwisho.

Saa nne tukaondoka. Saa tano kasorobo, pale pale, ikazima.

Lokiru alitafuta spana chini ya kiti. Akatafuta kwenye boksi. Akamwaga boksi lote barabarani. Halafu akasimama taratibu, akanigeukia.

"Iko wapi?"

"Ngoja nusu saa tu. Ile nusu saa yako ya kila siku. Iache ipoe yenyewe."

"Nakwawi, naomba spana."

"Ngoja."

"Mungu wangu. Unataka Mowlid apate kazi? Amekununulia nini?"

Hilo liliniuma, lakini nilikaa. Jua lilikuwa linatupiga utosini. Nilifunika kreti kwa magunia yaliyoloweshwa maji, nikawa nanusa, maana nyanya ikianza kuharibika harufu hutangulia. Lori likapita, dereva akapunguza mwendo, akatoa kichwa.

"Lokiru! Leo hata waya hutoi? Umekata tamaa?"

"Endesha lori yako!" Lokiru akamjibu. 

Mama Faduma akapiga simu. Lokiru aliiangalia ikilia mpaka ikanyamaza.

Nusu saa ilipopita, akaingia bila kunitazama, akazungusha ufunguo. Ikawaka. Kwenye dashibodi taa ndogo ya njano, yenye picha ya injini, ikabaki inawaka.

"Ona sasa!" akapiga kelele. "Umeiharibu kabisa! Hii taa haijawahi kubaki!"

"Hiyo ndiyo Nestor anaitafuta. Geuza gari."

"Nyanya?"

"Ukienda Kakuma itazima tena mbele, na ufunguo umekwisha. Geuza."

Alishika usukani muda mrefu. Kisha akageuza, kwa hasira, magurudumu yakirusha mawe.

Tulimkuta Losike amelala kwenye kivuli cha lori bovu, kofia usoni.

"Ejok, fundi," nikamsalimia Kiturkana.

"Ejok. Rudini jioni. Saa hii chuma inachoma."

"Fundi, kila mara unaipima ikiwa imepoa. Ikipoa haina shida. Shida yake ni saa hii."

Akaondoa kofia usoni. Akaniangalia mimi, akaiangalia taa ya njano. "Mwite Nestor," akasema.

Nestor alisoma mara mbili. "Aah! Hii hapa. Sensa ya krenki shafti. Injini ikizunguka, hii ndiyo inaambia kompyuta. Ikipata moto inanyamaza, kompyuta inafikiri injini imesimama, inakata kila kitu. Ikipoa inasema tena."

"Mara tatu nimeshika hii gari," Losike akasema polepole, akafungua boneti.

Sensa mpya Lodwar hakuna. Losike alitoa ya gari aina ya Noah iliyokufa, kichwa cha waya kikakataa kuingia. Lokiru akakimbia na boda boda hadi Kanamkemer, kuleta ya Probox iliyogongwa. Muda wote huo nilikuwa nachambua nyanya. Nikatoa ndoo moja ya mbovu. Ikawa mbili.

Aliporudi, Losike aliingia chini ya gari akiwa amejifunga matambara mikononi, akatoa mkono nje.

"Imeshikwa na bolti moja tu. Nipeni spana namba kumi."

Lokiru aliniangalia. Nikafukua chini ya kreti, nikafungua leso, nikamkabidhi fundi.  Chini ya gari Losike alikuwa anapiga ulimi kila chuma kilipomchoma.

Baada ya hapo nilikataa tuondoke. Tuliiacha injini ikinguruma juani saa nzima, Lokiru akizunguka gari kama mtu anayesubiri nje ya wodi. Haikuzima. Tukaenda. Pale pale inapopenda kuzima tukapita, injini inanguruma.

Kakuma tulifika jua likishuka. Lokiru aliweka ufunguo juu ya meza kabla hajaulizwa. Mama Faduma akafungua kreti moja moja mpaka chini, akizibonyeza. Nikamwonyesha zile ndoo mbili.

"Zilizobaki ni nzima," akasema. "Umechelewa, lakini ni nzima. Gari ilikuwa na nini?"

"Sensa, Mama. Tumebadilisha."

"Nani aliiona?"

Lokiru alijikuna shingo. "Fundi. Na huyu. Huyu aliniibia spana."

Mama Faduma akausukuma ufunguo kwake kwa kidole kimoja. "Basi asikurudishie," akasema, akaita wateja.

Sikumrudishia. Mpaka leo tukikaribia pale, Lokiru hulegeza mguu kwenye mafuta na kunyoosha mkono.

"Niishike tu, Nakwawi. Sitafungua kitu."

"Endesha," namwambia.