Pedali Iliyomeza Sauti ya Kengele

Kila asubuhi, maji ya kuoga yakiwa bado kwenye jiko la umeme, ndugu wawili wa kike walifanya mazoezi ya wimbo mmoja. Sufuria ilichukua dakika kumi na mbili kuchemka, na wimbo, pamoja na kusahihishana, ulichukua kumi na moja. Mkubwa aliimba. Mdogo alipiga gitaa akiwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mguu wa kulia juu ya pedali ya mwangwi. Pedali hiyo ilikuwa kisanduku cha chuma cha rangi ya bluu, kinatoshana na kipande cha sabuni, na kazi yake ni kupokea sauti na kuirudisha mara tatu, kila mara hafifu kuliko iliyotangulia. Baada ya hapo mkubwa alikwenda kuuza kwenye duka la dawa, na mdogo akaenda kufungua kibanda cha fotokopi.

Majirani walimwita mkubwa Kengele, kwa sababu akipiga chafya walimwombea afya hadi nyumba ya tatu. Mdogo walimwita Mdogo wa Kengele. Alikuwa na jina lake, lakini aliona aibu kuwakumbusha.

Jumatatu moja Kengele aliimba mstari wa kwanza kwenye maikrofoni iliyochomekwa kwenye pedali, na mwangwi haukurudi. Akafungua kinywa aanze mstari wa pili. Hakikutoka kitu. Akajipapasa koo, kama mtu anayekagua kifungo cha shati. Taa nyekundu ya pedali ilikuwa inawaka vizuri tu.

Mdogo alizima jiko kwanza. Kisha akainama, akaweka sikio kwenye kisanduku. Ndani, mbali kidogo, dada yake alikuwa anaimba mstari wa kwanza. Alipoumaliza alikohoa, akasema, "Huku kuna vumbi jamani."

"Umo humu, dada," mdogo akasema.

Kengele alichukua karatasi iliyoharibika kwenye fotokopi, akaandika nyuma yake: *Nimejisikia. Waranti bado ipo?*

Ilikuwepo. Ilikuwa imebaki miezi mitano. Katoni lilikuwa juu ya kabati, na risiti ilikuwa ndani ya katoni, imekunjwa mara mbili, kwa sababu Kengele hakuwahi kutupa karatasi yenye muhuri. Tatizo lilikuwa moja. Wote wawili waliijua pedali ile. Kinachoingia humo hupungua kila kinapojirudia, na sauti ya Kengele ilikuwa inajirudia tangu saa kumi na mbili na robo. Jioni mdogo aliposikiliza tena, neno la kwanza la mstari lilikuwa limeshakwenda.

Ofisi ya waranti ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Kulikuwa na viti vya plastiki vilivyoungwa vinnevinne, mashine ya kutoa namba, na kaunta yenye kioo ambacho mtu alikuwa amekibandika tangazo la kukataza kuegemea kioo. Karani alivaa miwani yenye kamba. Aliichomeka pedali kwenye umeme, taa ikawaka.

"Inawaka," akasema.

"Inawaka, kaka. Lakini imemeza sauti ya dada."

Karani alimtazama Kengele. Kengele akaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa anaimba sauti ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Hizo ndizo zinamezwa sana," karani akasema, akavuta fomu. "Sauti ya pili huwa inakwama mlangoni, ukitikisa inatoka. Mwezi uliopita walileta ya tatu, ya kwaya nzima. Hiyo mpaka leo."

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu vya kutia alama. Hakiwaki. Hakizimiki. Kimeota kutu.

"Chagua kimoja, dada yangu."

"Yetu haimo."

"Kama haimo, basi kifaa hakina hitilafu."

"Ukiweka sikio utamsikia. Sasa hivi tu, kaka, sekunde moja."

"Sikio langu si kipimo," karani akasema, bila ubaya wowote. "Kipimo ni taa. Halafu, waranti inahusu kifaa. Kilichomo ndani ni mali ya mteja, na mteja anatakiwa kuondoa mali yake kabla hajaleta kifaa."

"Nikikifungua nitachana stika."

"Ukichana stika waranti imekufa."

"Sasa mali naiondoaje?"

Karani alivua miwani akaliwaza swali hilo kwa dhati kabisa. "Wengi wanauliza hivyo hivyo," akasema.

Mdogo alijua la kumjibu. Lilikuwa tayari, limekaa nyuma ya meno. Lakini alichosema ni, "Asante, kaka. Samahani kwa usumbufu."

Kengele alimfinya kiuno kuanzia kaunta hadi ngazini. Kwenye ngazi aliandika akiwa ameegemea ukuta: *Ulisahau kumwachia na viatu vyangu.*

"Kesho nitamwambia vizuri."

*Acha vizuri. Mwambie tu.*

Kesho yake mdogo alimwambia vizuri. Karani alisikiliza hadi mwisho, akaeleza kwamba ipo njia moja iliyobaki, nayo ni kuiacha pedali kwa fundi, siku saba. Kengele aliandika kwa herufi kubwa, akaibandika karatasi kwenye kioo: *SIKU SABA NITABAKI NA NINI?*

Karani aliisoma. "Usiegemee kioo, dada," akasema.

Waliiacha. Hawakuwa na njia nyingine, na mdogo aliweka sahihi mahali alipoonyeshwa.

Wiki hiyo Kengele aliuza dawa kwa vidole. Alimwonyesha mama mmoja vidole vitatu, akimaanisha mara tatu kwa siku, na yule mama akameza vidonge vitatu palepale dukani, akashukuru. Mwenye duka alimhamishia stoo. Alimwambia kwamba hamfukuzi, ila mtu asiyeweza kusema "baada ya kula" hawezi kukaa mbele ya wateja, na kwamba mwisho wa mwezi wataangalia tena. Kengele alihesabu maboksi ya bandeji. Nyumbani, maji yalichemka asubuhi na hakuna aliyeimba. Mdogo alijaribu kuimba yeye, taratibu, akiutazama ukuta. Kengele aliandika: *Nani kafa?* Wakacheka, mmoja kwa sauti na mwingine kwa mabega.

Siku ya saba walikwenda kuichukua. Katoni lilikuwa na muhuri mpya wa rangi ya zambarau: HAINA HITILAFU. Ndani kulikuwa na karatasi ya fundi yenye maneno mawili, Taa inawaka. Mdogo aligeuza pedali. Stika ilikuwa nzima, hata kona haikuinuliwa. Akaweka sikio. Mstari ulikuwa umebaki nusu, na sauti ilikuwa kama ya mtu anayeongea na chakula mdomoni. Hakulalamika vumbi tena.

"Naomba kuonana na fundi," mdogo akasema.

Karani alionyesha kidirisha cha pembeni. Fundi alikuwa mtu mzima, mwenye pamba masikioni na meza safi kuliko meza yoyote ya fundi ambayo mdogo aliwahi kuiona. Nyuma yake rafu zilipanda hadi dari. Zilikuwa zimejaa pedali, vinanda na maikrofoni, kila kimoja na kibandiko chake cha zambarau, na chumba kizima kilikuwa na kelele kama darasa ambalo mwalimu ametoka. Mwanamume mmoja, ndani ya spika ndogo, alikuwa anahesabu moja, mbili, moja, mbili. Mahali fulani juu, kwaya ilikuwa inavuta pumzi bila kuanza.

"Shikamoo, fundi."

Fundi alichomoa pamba moja. "Marahaba, mwanangu."

"Mbona hukuifungua?"

"Niifungue na nini?" Alimwonyesha viganja vyake. "Bisibisi walizikusanya mwaka juzi. Kila nilichofungua kilikuwa kinaandikwa kibovu, na vibovu vikawa vingi mno kwenye ripoti. Sasa napima taa. Ripoti imependeza sana."

"Lakini unawasikia."

"Nawasikia," fundi akasema. "Wewe unadhani hii pamba ni ya nini?" Akairudisha sikioni, akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Mdogo alirudi kwenye kaunta. Shukrani zilikuwa zimeshapanda kooni, kwa mazoea. Alizimeza. Alikaa kwenye kiti cha mbele, akailaza pedali juu ya magoti, tumbo juu. Ilikuwa na skurubu nne, na stika ilikuwa imefunika mbili.

"Hiyo, dada yangu, ungekwenda kuifungulia nyumbani," karani akasema.

"Nyumbani hakuna bisibisi." Akageukia viti. "Kuna mwenye bisibisi?"

Hakuna aliyesikia. Alikuwa amewauliza vidole vyake vya miguu. Akainua uso, akauliza tena, na safari hii mashine ya namba ilitoa namba bila kubonyezwa.

Watu kumi na mmoja walikuwa wanasubiri. Mpiga kinanda mmoja, mvi kichwani, aliingiza mkono ndani ya koti akatoa bisibisi. Mwanamke mwenye maikrofoni mapajani akafungua mkoba, naye akatoa yake. Halafu wengine. Baada ya muda mfupi bisibisi tisa zilikuwa juu, baadhi bado zimo kwenye nailoni ya dukani, na wenyewe wakaanza kutazamana. Walikuwa wamezibeba miezi, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

"Chukua hii ya nyota, binti," mpiga kinanda akasema. "Hiyo bapa itakulia skurubu."

Mdogo alichana stika kwa ukucha. Ilitoa mlio mdogo.

"Waranti imekufa saa nne na dakika ishirini," karani akasema, akaandika.

Skurubu nne zilitoka. Kengele alipiga magoti sakafuni, akaweka mdomo karibu na kisanduku, kama mtu anayepuliza mkaa, ila yeye alivuta. Kilichotoka kilikuwa kidogo. Kiliingia bila shida. Akafunga mdomo, akasubiri, akakohoa. Kikohozi hakikufika kiti cha pili.

"Ndiyo hiyo tu?" mdogo akauliza.

"Ndiyo hiyo tu," Kengele akanong'ona. "Nyingine imeishia humo."

Hakuna aliyepiga makofi. Mpiga kinanda aliomba kuona mle ndani, akaonyeshwa: waya mbili, kipande cha saketi, na vumbi kweli. Mwanamke mwenye maikrofoni aliigeuza yake, akaitazama stika muda mrefu, kisha akairudisha mkobani pamoja na bisibisi.

Karani alikuwa ameshatoa karatasi nyingine. "Ya kufunga faili. Sahihi hapa chini, dada yangu."

Mdogo aliisoma. Iliandikwa: *Mteja amehudumiwa na ameridhika.*

"Na asiyeridhika anaweka wapi?"

"Kila mtu anaweka hapo hapo. Bila sahihi faili haifungiki, na isipofungika ripoti inakataa." Akamsogezea kalamu. "Ni maneno tu hayo. Weka tukusaidie uende."

Kengele aliinuka sakafuni, akafungua kinywa kumjibia mdogo wake, kama alivyomjibia shuleni, dukani, kwa wenye nyumba na kwa wachumba wawili. Jibu lilitoka, lilikuwa zuri, na lilianguka kabla ya kufika kwenye kioo. Karani hata hakuinua macho. Kengele alisubiri kidogo, akaelewa, kisha akarudi nyuma hatua moja.

Mdogo aliilaza kalamu juu ya karatasi.

"Sijaridhika," akasema.

Neno lilipita kioo, likapita kidirisha, likapita pamba za fundi. Kwenye rafu pedali zote za mwangwi zililidaka, zikalirudisha mara tatu kila moja, nyingine haraka, nyingine kwa kuchelewa, ikawa kama mvua ya mawe kwenye bati. Spika ndogo iliacha kuhesabu. Karani alisubiri liishe, kama mtu anavyosubiri lori lipite ndipo aendelee na mazungumzo. Kisha akagonga muhuri, IMEFUNGULIWA NA MTEJA, akalisogeza katoni pembeni.

"Namba arobaini na sita."

Arobaini na sita alikuwa mpiga kinanda. Alisimama, akaja, akajipanga nyuma ya mdogo bila kumsukuma.

"Dada yangu," karani akasema, "umesikika. Sasa nipishie mteja."

"Kusikika si shida yetu." Mdogo aliiweka mikono yake yote miwili juu ya kaunta. "Sauti ya dada yangu ililetwa hapa karibu nzima. Wewe uliniuliza anaimba ya ngapi, kwa hiyo ulijua. Fundi aliziba masikio, kwa hiyo alijua. Mmeisikia inapungua siku saba, mkapima taa. Hiyo karatasi siiwekei sahihi leo, wala kesho, na kesho nitakuja tena nisiiwekee sahihi. Sitaki useme pole. Chukua kalamu yako, kaka. Andika kwamba mlisikia."